Pazia Halifuliwi

Jumatatu, siku ambayo jumba la maigizo hufungwa ili watu wapumzike, Mama Mavazi alikuwa amesimama ndani ya tangi la maji uani, gauni amelikunja hadi magotini, akilikanyaga pazia kubwa la jukwaa. Pembeni yake Seremala alishika mpira wa maji kwa mkono mmoja na kikombe cha chai kwa mwingine. Pazia lilikuwa la mahameli nyekundu, mita kumi kwenda juu, na maji halikuwa limeyaona tangu lishonwe miaka arobaini iliyopita.

"Pazia la jukwaa halifuliwi," alisema Seremala kwa mara ya nne asubuhi ile. "Hupigwa brashi tu. Ukilifua unaondoa dawa ya kuzuia moto."

"Kamwambie yeye," alisema Mama Mavazi.

Yeye alikuwa Mkurugenzi. Wiki iliyopita mota ya kuvutia pazia ilikuwa imeungua. Fundi umeme alipolipima pazia, akakuta uzito wake ni mara tatu ya ule ulioandikwa siku lilipotundikwa. Mkurugenzi, ambaye alikuwa na miaka mitatu tu katika jumba lile na kwa jinsi anavyoonekana hajawahi kufua hata soksi zake, alikata kauli kwamba ule ni uchafu. Jumamosi kulikuwa na sherehe ya miaka arobaini ya jumba, wageni mia nne, na hakutaka mota ya pili imfie mbele yao. Akaamuru lifuliwe.

Jumba lenyewe halikuwa la kupokea michezo iliyopikwa kwingine. Zamani lilikuwa karakana ya matrekta, na hadi leo Seremala akichimba kidogo uani huokota nati. Walimu watatu na karani mmoja wa posta ndio waliolianzisha, baada ya kuchoka kungoja maigizo yaletwe kutoka mji mkuu. Tangu hapo kila kitu hutengenezwa humo humo. Mchezo huandikwa ghorofani, nyumba na misitu ya mbao hupigiliwa misumari karakana ya nyuma, mavazi hushonwa chumba cha kati, na wakati mchezo mmoja unaonyeshwa jioni, unaofuata unafanyiwa mazoezi asubuhi. Ni michezo sita kwa mwaka. Mama Mavazi alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini, na alikuwa amevisha wafalme, wezi, maharusi na maiti wa michezo mia moja themanini na sita. Mwisho wa mwaka alikuwa anastaafu.

Walipolishika pazia huku na huku na kuanza kulikamua, likatoa makofi.

Yalitoka pamoja na maji ya kwanza, yale ya rangi ya chai: makofi ya mchezo uliomalizika mwezi uliopita, na katikati yake simu ya mtu ikilia. Seremala akaweka kikombe chini, akasikiliza mpaka yakaisha.

"Ya mwezi jana haya," alisema. "Yamekaa juu juu."

"Basi yatatoka kinyumenyume," alisema Mama Mavazi, akaendelea kukamua, maana kitambaa kilikuwa kingi na mikono ilikuwa minne tu.

Kwa hiyo suala la uzito likawa limejieleza. Lilikuwa ni shangwe la miaka arobaini, na shangwe likikaa kwenye mahameli haliendi popote. Kilichowasumbua ni mahali pa kuyamwaga yale maji. Seremala akafungua karo la uani na kuyaelekeza huko, ndoo baada ya ndoo, na kazi ikaenda vizuri. Waliitambua michezo kwa makofi yake. Ule wa vichekesho ulitoka na vicheko. Ule wa wanafunzi wa shule ulitoka na makaratasi ya biskuti. Ulipofika mwaka ambao paa lilivuja, makofi yalichanganyika na mvua, na mtoto mchanga akawa analia huku mama yake akimbembeleza. "Huyo ni binti wa kwenye tiketi," alisema Seremala. "Hata leo akikukatia tiketi ananuna vile vile."

Mchezo wa Mkurugenzi mwenyewe ulikuwa umeshatoka mapema, kabla ya saa sita. Ni ule uliochukua saa tatu nzima, ambapo waigizaji wote walitazama ukutani, ambao kwenye ripoti yake aliandika kwamba uliwaacha watazamaji bila maneno. Pazia lilitoa makofi kama kumi na mawili, viti vikikunjwa, kisha sauti ya mwanamume ikauliza, "Ndiyo imekwisha?" na ya mwanamke ikajibu, "Nyamaza, labda bado." Mkurugenzi alikuwa dirishani kwake ghorofani. Alishuka ngazi, akalitazama pazia, akatazama ndoo.

"Siku ile lilikuwa limeshiba," alisema. "Halikuweza kupokea zaidi."

Akapanda tena ofisini.

Mama Mavazi hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka hadi ashike mbavu. Alikuwa akihesabu. Kwa mwendo ule, mwaka wa kumi na nne wa jumba ungetoka kesho, kama saa nne au tano, na katika mwaka wa kumi na nne ilikuwamo Jumamosi ya Homa.

Hakuna mtu wa mkoa ule asiyeijua Jumamosi ya Homa. Watu ambao siku hiyo hawakuwepo huapa kwamba walikuwepo, safu ya tatu. Ilikuwa onyesho la saa kumi jioni la mchezo wa malkia mjane. Mwigizaji mkuu alikuwa na homa ya kuchoma, daktari amemkataza kunyanyua hata kichwa, naye akainuka kitandani, akaja, akaigiza, akapigiwa makofi dakika kumi na moja kwa saa ya mkononi. Tangu siku ile watu humwita Malkia, hata sokoni. Habari hiyo ilikuwa ukurasa wa hamsini na mbili wa kitabu cha historia ya jumba, ambacho Mkurugenzi alikuwa anakiandika mwenyewe na ambacho kilitakiwa kwenda kwa wachapaji Ijumaa.

Homa ilikuwa ya kweli. Ambalo halikuwa la kweli ni kuinuka kitandani. Malkia alikuwa wifi yake Mama Mavazi, mke wa kaka yake, na ni huyo kaka aliyekuja mbio siku ile, saa tisa na nusu, kusema mgonjwa hajitambui. Jumba lina desturi yake: mwigizaji akikosekana, mwingine huingia, na watazamaji hawatangaziwi, kwa kuwa bango limeshabandikwa. Mama Mavazi ndiye pekee aliyeyajua maneno yote, maana wiki nne za mazoezi alikuwa amekaa pembeni mwa jukwaa akishona pindo. Akaongeza vidole vinne kiunoni mwa gauni, akajifunika mtandio mweusi wa ujane ukaacha macho tu, akaingia. Alipotoka, mkurugenzi wa kwanza, Mungu amrehemu, alimshika mikono yote miwili akasema, "Jina tutalisahihisha Jumatatu."

Jumatatu gazeti lilishatoka. Wifi alishapona na alishalisoma. Na kaka alimwomba dada yake, kwa upole kabisa, asimvurugie nyumba. Mama Mavazi alimpenda kaka yake, akanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea. Lakini sasa kaka alikuwa marehemu mwaka wa sita, na yeye mwenyewe alikuwa anaondoka. Hakutaka picha ukutani wala hakutaka mtu avuliwe umalkia. Alitaka mstari mmoja ukurasa wa hamsini na mbili, unaosema siku ile aliyesimama pale alikuwa yeye. Alikuwa ameshamwendea Mkurugenzi mara mbili, na Seremala alikula yamini mbele yake kwamba ndiye aliyekuwa akivuta pazia siku hiyo na aliona kwa macho yake.

"Mama, mimi nakuamini," Mkurugenzi alikuwa amesema. "Lakini mzee huyu ni rafiki yako. Kitabu kinataka ushahidi."

Jumanne asubuhi, kabla hawajaanza, alikuja jirani, mama mwenye nyumba ya nyuma ya ukuta, mikono kiunoni.

"Mnanipigia makofi chooni," alisema.

"Samahani, mama," alisema Seremala. "Karo letu linapitia kwako."

"Mimi sina tatizo. Tatizo ni mume wangu. Jana ameingia mle saa kumi na moja, hajatoka hadi saa moja. Anatoka, anainama, anarudi tena. Sisi wengine tungoje mpaka lini?"

Seremala aliahidi kwamba kufikia kesho yatakuwa yamekwisha. Jirani aliridhika, ila aliomba, kama kuna ya kuzomea, yapelekwe kwanza.

Saa tano kasorobo mahameli ilipata ugumu mikononi mwao, na Mama Mavazi akajua. Akasuuza ndoo kubwa yenye kifuniko, ya lita ishirini, akaitanguliza chini ya mkunjo. Wakakamua. Makofi yalitoka mazito, yakajaza ua mzima, na njiwa wa paa la karakana wakaruka. Na kwa sababu pazia lina pande mbili, lilikuwa limenywa pia yaliyosemwa nyuma yake. Katikati ya makofi ikasikika sauti ya mkurugenzi wa kwanza, safi kabisa: "Rudi mbele, Mama Mavazi, wanakutaka."

Kisha sauti ya mwanamke, inayohema: "Viatu vya wifi vinanibana."

"Vivue."

"Nitoke peku?"

"Toka peku!"

Na sauti ya Seremala akiwa kijana: "Mara ya tano hii. Mikono inaniuma."

Seremala mzee alitazama mikono yake. Mama Mavazi alifunika ndoo, akakaa juu ya kifuniko, na machozi yakamtoka bila kuyaombea ruhusa. Alifurahi. Miaka ishirini na sita alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu yeyote, kwamba pengine zile dakika kumi na moja amejitungia mwenyewe.

Jumatano waliibeba ndoo hadi ofisini, ngazi ishirini na mbili, mmoja huku na mwingine kule. Mkurugenzi alisikiliza yote, dakika kumi na moja, kalamu mkononi, saa mezani. Ilipofika pale pa viatu akatikisa kichwa kwa kukubali. Walipofunika, aliisogeza saa pembeni.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Hakuna ubishi. Huu ni ushahidi, tena wa kiwango cha juu." Akakiinamia kitabu, akafika ukurasa wa hamsini na mbili, akaweka ncha ya kalamu pale panapohusika. Mama Mavazi alishika ukingo wa meza. "Ila haki bin haki," alisema Mkurugenzi, akiiinua kalamu, "lazima nimsikilize na mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi."

"Namaanisha Malkia."

Malkia alikuja Alhamisi, maana ilikuwa siku yake ya kupimwa nguo. Kwa sherehe hakutaka gauni jipya. Alitaka lile lile la malkia mjane, ambalo lilikuwa limehifadhiwa kabatini miaka yote hiyo. Alisimama juu ya kigoda chumba cha kati, akiwa amevuta pumzi na hataki kuitoa, wakati Mama Mavazi akipambana na zipu mgongoni, pini nne mdomoni. Mkurugenzi aliketi kwenye kiti cha cherehani na daftari lake. Seremala ndiye aliyefunua ndoo.

Malkia alisikiliza amefumba macho, mkono kifuani. Ilipokwisha alikuwa amelia kweli kweli, wanja umeshuka mashavuni.

"Mnasikia?" alisema. "Homa ilikuwa imenipanda mpaka sauti ikageuka ikawa ya wifi yangu."

Mkurugenzi akaandika.

"Na mbona mkurugenzi wa kwanza alikuita Mama Mavazi?" aliuliza Seremala.

"Nilikuwa naweweseka, baba. Nilikuwa najiita wifi yangu. Yule mzee, kwa busara zake, akaona asinibishie."

"Na viatu vyako kukubana?"

"Si miguu ilivimba!"

"Homa huvimbisha miguu," alisema Mkurugenzi, akiandika.

Mama Mavazi akatema pini kiganjani. "Wifi, ulikuwa kitandani. Kaka ndiye aliyekuja kuniita. Mimi ndiye niliyeingia, wewe hukuwepo."

Malkia aligeuka taratibu juu ya kigoda na kumtazama kwa upendo mtupu, maana alimpenda wifi yake, hilo halikuwa na shaka. Walizaa pamoja, walizika pamoja. "Wifi," alisema, "nakumbuka taa. Ile ya kushoto ilikuwa inanichoma jicho. Nakumbuka mbao zilivyokuwa za moto chini ya nyayo zangu."

Ilikuwa kweli kwamba taa ya kushoto ilichoma jicho, na mbao zilikuwa za moto. Mama Mavazi alikuwa amemsimulia mwenyewe, siku ile ile, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimbadilishia kitambaa cha maji kipajini. Aliyatazama macho ya wifi yake akitafuta uongo, hata kidogo wa kushikia, na hakuuona. Wifi alikuwa anakumbuka. Lau angekuwa anadanganya kwa macho makavu, Mama Mavazi angejua pa kumkamata. Lilimuuma hilo kuliko gazeti, kuliko umalkia wa sokoni, kuliko yote.

"Simama wima," alimwambia. "Zipu hii itakubali, lakini usinyanyue mikono juu ya mabega."

Ijumaa kitabu kilikwenda kwa wachapaji. Ukurasa wa hamsini na mbili ulikuwa umeongezwa aya nzima, na aya yenyewe ilikuwa nzuri: ilieleza jinsi homa ilivyomfanya Malkia apotelewe na hata jina lake na sauti yake, na bado asipotelewe na neno moja la mchezo. Mkurugenzi alikuja chumba cha kati kumshukuru Mama Mavazi kwa ushahidi. Alisema ndoo itafunguliwa jukwaani kesho, mbele ya wageni. Alisema pia kwamba ukurasa wa mwisho una shukrani kwa wote walio nyuma ya pazia, bila kumtaja yeyote, ili asisahaulike mtu.

Alipoondoka, Seremala alikamata mkono wa ndoo. "Twende tukaimwage," alisema. "Mume wa jirani atayafurahia."

"Iache."

"Unawaachia?"

"Fundi, hayo ni makofi yangu. Nitayamwagaje? Hata wakiyapachika jina la nani, nataka yasikike. Mara moja tu, ukumbini, si uani."

Seremala akaiachia ndoo, akampa kipande cha bitana afutie uso.

Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbi ulijaa hadi watu wa kusimama. Pazia lilikuwa limekauka na kupigwa pasi, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba Seremala alilivuta kwa vidole viwili, mota ikabaki imezimwa. Kila mgeni alikuwa na kitabu mapajani. Mkurugenzi alihutubia juu ya karakana ya matrekta, walimu watatu na karani wa posta, kisha akamwita Malkia. Malkia akaingia na gauni lake jeusi, pana chini, akasimama katikati ya jukwaa nyuma ya meza ndogo yenye ndoo. Watu wakanyamaza. Akafunua. Na kwa kuwa ni mwigizaji, na mwigizaji hafunui kitu hivi hivi, akakinyanyua kifuniko juu ya kichwa kwa mikono yote miwili.

Zipu ikafumuka kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Mama Mavazi alikuwa pembeni mwa jukwaa, hatua sita. Mavazi yakifumuka jukwaani, mshonaji haulizwi anataka nini. Alipita nyuma ya kiti cha mgeni rasmi kwa magoti na mikono, akafika nyuma ya gauni, akapiga magoti pale ambapo hakuna mtu wa ukumbini angeweza kumwona, akazishika pande mbili za kitambaa na kuzibana kwa mikono yote.

Makofi yakatoka ndoo nzima kwa mara moja. Wageni mia nne walisimama na kupiga pamoja nayo, ya zamani na ya sasa yakawa kitu kimoja. Ilipopita ile sauti, "Rudi mbele, Mama Mavazi, wanakutaka," watu walicheka kwa mapenzi na kutikisa vichwa, maana walishasoma habari ya kuweweseka. Mama mmoja safu ya tatu alifuta machozi na kumwambia jirani yake kwamba siku ile alikuwepo. Malkia akainama, na kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, nyuma yake Mama Mavazi akainama naye, mikono imeshika gauni, paji la uso likigusa mgongo wa wifi yake. Wakainuka pamoja. Wakainama tena. Kitambaa kilikuwa kinateleza, vidole vilianza kufa ganzi.

"Wifi," alinong'ona Malkia, akitabasamu mbele bila kusogeza midomo, "usiniachie."

"Inama taratibu," alisema Mama Mavazi. "Bado dakika nne."